Kitufe cha Tatu

1.

Nimelala.

Hiyo ndiyo kazi yangu kubwa, kulala. Mimi ni chipu, mdogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho. Swedi amenitia ndani ya kisanduku cha plastiki, akanifunga kwenye ubao wa kitanda cha mama yake. Miguu yangu mitatu imeungwa kwenye vitufe vitatu. Kitufe kikibonyezwa, mguu mmoja unabadilika, nami naamka.

Lakini nisikilize vizuri, msomaji, maana hapa ndipo watu wa nyumba hii walipopotelea. Ninapoamshwa, siambiwi aliyeniamsha ni nani. Naambiwa tu kwamba kuna kilichobadilika. Ni kama nyumba ya wapangaji yenye kengele moja getini. Imelia. Ni ya nani? Inabidi nitoke, nitazame mlango mmoja mmoja, nilinganishe na jinsi nilivyoiacha kabla ya kulala.

Kutazama huko sikukujua mwenyewe. Niliandikiwa.

Aliyeniandikia ni Swedi.


2.

MAELEZO KWA WATUMIAJI WA KISANDUKU
(yamebandikwa ukutani, juu ya kitanda)

Kisanduku ni cha Mama. Mtu mwingine asibonyeze, hata kwa kujaribu.

Kitufe cha kijani kinamwita Swedi, karakana.

Kitufe cheupe kinamwita Mwajabu, nyumbani kwake.

Kitufe cheusi hakimwiti mtu. Taa inawaka tu.

Betri isiguswe na yeyote isipokuwa fundi.

Ukiitwa, nenda.

(Chini, kwa kalamu nyingine: *Na fundi akiitwa asipokwenda? Mw.*)


3.

Mimi ndiye Swedi. Natengeneza redio, pasi, feni, na siku hizi vitu vyenye chipu. Sikusomea. Nilijifunza kwa redio zilizokufa, halafu kwa karatasi za watengenezaji ambazo nilizisoma kwenye simu, ukurasa mmoja huo huo, mpaka ukakubali kueleweka. Chipu hizi ndogo nilizipenda kwa sababu zinajua kusubiri. Zinalala, betri haiishi, na ukizigusa tu zipo. Sijawahi kuona mtu wa namna hiyo.

Mama alipopigwa na kiharusi alibaki na mkono wa kulia, macho, na hasira. Maneno yaliondoka. Nikamtengenezea kisanduku.

Siku niliyomwonyesha vitufe viwili, changu na cha mdogo wangu Mwajabu, alitikisa kichwa. Akainua vidole vitatu.

"Mama, sisi tuko wawili," nikamwambia.

Vidole vitatu.

Nikasema moyoni kwamba ugonjwa umemvuruga hesabu, na sikutaka kubishana na mgonjwa. Nikatoboa tundu la tatu, nikaweka kitufe cheusi, nikakiunga ili taa iwake na yeye aridhike. Kengele ya tatu sikutengeneza.

Nimpe nani?


4.

(Imesikika juu ya ukuta wa matofali, nyuma ya ghala la alizeti. Ni Mwajabu na jirani yake.)

— Ndiyo hiyo, shoga. Imelia tena. Ngoja nikimbie.

— Na mboga umeiacha motoni?

— Nigeuzie hapo, nakuomba. Mama ananiita.

— Si kaka yako yuko pale pale karibu? Aende yeye!

— Haitwi.

(Kicheko. Kandambili zinakimbia.)

— Haitwi, bibi wewe! Naitwa mimi!


5.

Vitu ambavyo Mwajabu hakuwa navyo kabla ya kisanduku:

ule mwendo wa kukimbia na kandambili

tabia ya kukata maneno katikati, akainua kidole, akatega sikio, kisha akasema "sio, nilidhani ni yangu"

ufunguo wa pili wa nyumba ya Mama

neno *mimi*, mwanzoni mwa kila sentensi, kama mtu anayebisha hodi

Karakana yangu na chumba cha Mama vimegawana ukuta. Yeye anakaa mbali, inabidi avuke uwanja na ghala. Mimi ningefika kabla kengele haijanyamaza.

Kengele yangu ilikuwa inalia kwa nadra. Nilipoingia, Mama alikuwa amenyoosha kidole kwenye redio yake. Inakoroma, au imehama kituo. Nikiitengeneza ananipiga kofi dogo la mkono, ahsante, nenda.

Alikuwa ananiita kama wateja wanavyoniita.


6.

OFISI YA MTENDAJI WA MTAA

Kwa: Bi. Mwajabu Athumani
Nakala: Fundi Swedi Athumani

YAH: KELELE ZA KENGELE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ofisi imepokea malalamiko ya wakazi kuhusu kengele ya umeme iliyofungwa nyumbani kwako, ambayo hulia pasipo utaratibu maalumu, na kwamba kila inapolia hulia mara mbili. Unatakiwa kufika ofisini ukiwa na fundi wako ili kutoa maelezo.

Nakutakia utekelezaji mwema.

*

Nilisoma nakala yangu, nikaikunja, nikaiweka chini ya koleo.

Hakuna jirani hata mmoja aliyewahi kulalamikia kengele yangu.


7.

Dachi anatengeneza simu upande wa pili wa kibaraza changu. Hana ubaya, ila ana mdomo.

— Fundi, hiyo kengele hapo ukutani ni pambo?

— Inafanya kazi.

— Nani kakwambia?

— Naijaribu kila asubuhi.

— Ee! Akapiga paja. Mtu mzima anajiita mwenyewe! Jamani, Swedi anajibipu!

— Dachi, maliza simu ya watu.

— Namaliza. Lakini nikuulize kitu, bila ubaya. Nani anakaa na bi mkubwa mchana?

— Mwajabu.

— Na nani anamsogezea kisanduku mkononi?

— Mwajabu.

— Basi. Mimi sijasema kitu.

Kweli hakusema kitu. Mpaka alasiri nilikuwa nayatafuna yale ambayo hakuyasema.


8.

Nilivyofikiri, kwa mpangilio:

(a) Kwamba Mwajabu anamshika Mama kidole na kukipeleka kwenye cheupe.

(b) Kwamba Mwajabu amefungua kisanduku na kubadilisha waya.

(c) Kwamba kitufe changu kimelegea na hakigusi.

(d) Kwamba Mama


9.

Sihukumu kifaa kabla sijakifungua. Nikangoja Mwajabu aende gulioni, nikaingia kwa Mama na bisibisi.

Alinitazama nikifungua. Nikamwambia, "Nasafisha tu."

(b) haikuwa. Waya zilikuwa kama nilivyozilehemu mwenyewe.

(c) haikuwa. Kitufe changu kiligusa vizuri, tena kilikuwa kipya kuliko vyote, hakijachakaa pembeni. Hilo nalo liliniuma.

Cheupe nacho kilikuwa kipya.

Kilichochakaa kilikuwa cheusi.

Kilikuwa kimepoteza rangi katikati, pale kidole kinapokaa. Nikakitazama muda. Kisha nikamchomoa chipu, nikarudi naye karakana kusoma nilichomwandikia. Nakiandika hapa kwa Kiswahili, maana kwa lugha yake hakitakusaidia:

amka
washa taa
tazama ni mguu upi umebadilika
kama ni wa kijani, mwite Swedi
la sivyo, mwite Mwajabu
rudi ulale


10.

La sivyo.


11.

Usinilaumu mimi, msomaji. Mimi ni chipu. Nafanya nilichoandikiwa.

Nilipoandikwa, vitufe vilikuwa viwili. Kama si huyu, basi ni yule, na kweli hakukuwa na mwingine. Kisha kikaja cheusi. Swedi akaniamuru nisikilize mguu wa tatu ili niwashe taa. Nikausikiliza. Unapobadilika naamka, nawasha taa, nauliza: ni wa kijani? Si wa kijani. Basi ni Mwajabu.

Kidole kinapobonyeza, mguu unabadilika. Kinapoachia, unabadilika tena. Kwangu kushuka na kupanda ni habari moja: kuna kilichobadilika. Ndiyo maana kwa Mwajabu ililia mara mbili, na majirani wakaandika barua.

Mimi ninayelala nilijua kitufe cheusi kinaguswa kila siku. Hakuna aliyeniuliza.


12.

Kwa hiyo nilichofanya ni hiki: nilimwambia chipu asikilize watatu, nikamfundisha kumtambua mmoja. Waliobaki nikawafunga fungu moja, nikaliita Mwajabu.

Kumbe kengele yake ilikuwa inalia kwa cheupe na kwa cheusi. Na kwa jinsi vilivyochakaa, huenda cheupe hakikuguswa kabisa.

Nilifurahi. Nataka hilo nalo lisomwe. Nilikaa kwenye kigoda changu mbele ya redio za watu, nikafurahi kwamba dada yangu haitwi.

Nikaandika upya mistari michache. Kijani, Swedi. Cheupe, Mwajabu. Cheusi, taa tu, kama ukuta unavyosema.

Nikarudisha chipu kwenye kisanduku. Mama alikuwa bado ananitazama.

Sikumwambia Mwajabu.


13.

Mimi ni Mwajabu, na nina sehemu yangu. Asiseme yeye peke yake.

Kengele ilinyamaza siku ile ile ya gulio. Kwanza nilishukuru, nikamaliza kufua. Halafu nikaanza kupunguza redio. Halafu nikafukuza kuku waliokuwa wanapiga kelele mlangoni. Shoga yangu alikuja na maneno yake, nikamwambia shh, mpaka akaudhika akaondoka.

Kimya.

Nikajiuliza nimemkosea nini. Nikafikiria uji, labda ulikuwa na sukari nyingi. Nikafikiria ile asubuhi niliyomgeuza kwa haraka. Huwezi kujua mtu asiyesema amekasirikia nini, unajitafutia mwenyewe, na ukitafuta hukosi.

Nikaenda bila kuitwa.

Wewe unayesoma, umewahi kuingia kwa mama yako bila kuitwa, ukaona macho yake yakikupita? Hakunichukia. Alinipita tu kwa macho, kama unavyompita mtu aliyesimama mbele ya dirisha. Kidole chake kilikuwa juu ya kile cheusi. Akabonyeza. Taa ikawaka. Akanitazama, kisha akatazama mlango ulio nyuma yangu.

Akabonyeza tena.

Nikageuka. Hakukuwa na mtu.


14.

(Karakana. Mwajabu amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Dachi ameambiwa akanunue vocha. Hajaondoka.)

— Umenikata.

— Nimerekebisha.

— Umerekebisha nini? Ilikuwa inalia!

— Ilikuwa inalia kwa kosa, Mwaja.

— Mama kuniita mimi ni kosa?

— Kila alipobonyeza cheusi, ilikuwa inalia kwako.

— Cheusi si umesema hakina mtu?

— Hakina.

— Sasa kwa nini kilie kwangu?

— Kwa sababu nilimwandikia chipu kwamba kama si mimi, ni wewe.

Nikaona maneno yanamshuka taratibu, kutoka masikioni mpaka mahali pengine.

— Kwa hiyo mimi ni makombo.

— Sikusema hivyo.

— Hukusema. Umeandika. Yaani kila mtu apewe jina, mimi niwe la sivyo. Na nimekimbia, kaka! Nimeacha mboga zikaungua, nimeacha mtoto na povu kichwani, kumbe nakimbilia makombo yako!

— Mwaja

— Na wewe je? Tangu urekebishe hiyo mitambo yako, umeitwa?

Nikashika koleo. Nikaliweka.

— Anajibipu, alisema Dachi kutoka kwenye kibaraza.


15.

Tukaenda wote wawili. Mimi nilikaa kushoto kwa kitanda, yeye kulia. Tangu Mama augue hatukuwa tumekaa hivyo, kila mmoja alikuwa na zamu yake na kinyongo chake.

— Mama, nikasema, hiki cheusi ni cha nani?

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mvua.

Mwajabu akasema, "Tutataja. Tukipatia, bonyeza."

— Cha baba? Baba amefariki, Mama, unakumbuka?

Taa haikuwaka. Macho yalisema kwamba anakumbuka sana, na kwamba mimi ni mjinga.

— Cha mjomba?

Hapana.

— Cha yule muuguzi mwenye miwani?

Hapana.

— Labda ni cha Mungu, nikasema.

— Swedi! Mwajabu akanikemea. Kisha akavuta uzi kwenye pindo la kanga yake. Alijua kabla ya kusema. Nilimwona anajua, na nilimwona hataki.

— Cha mama mdogo?

Taa.


16.

Inabidi nieleze, maana wewe si wa mtaa huu.

Baba alioa wawili. Mama ndiye mke mkubwa. Wa pili ni Bi Mwamvita, ambaye tulipaswa kumwita mama mdogo na hatukumwita kitu. Wake hao wawili walikaa uwanja mmoja wakigombana kwa bidii, kama kazi ya kuajiriwa. Mama akipika wali, Bi Mwamvita anakohoa mlangoni. Bi Mwamvita akivaa kanga mpya, Mama anaumwa kichwa. Sisi tulifundishwa kuchota maji kwa njia ya kuzunguka, tusipite mbele ya mlango wake. Mwenyewe hakujaliwa mtoto. Tulifundishwa kulisema hilo pia.

Baba alipofariki, wazee wakaamua wajane wote wawili wakae eda chumba kimoja. Nyumba ilikuwa moja, ingefanyikaje. Wakavaa nyeupe, mlango ukafungwa. Mwajabu na mimi tulikuwa tunawapitishia chakula, halafu tunabana masikio ukutani tukisubiri vita.

Hatukusikia vita.

Siku moja tulisikia kicheko kirefu, cha mtu anayeshindwa kujizuia. Tulibishana kilikuwa cha nani. Hatukuwahi kumsikia mama yetu akicheka hivyo, kwa hiyo tukakubaliana ni cha yule.

Eda ilipokwisha, Bi Mwamvita alifunga mizigo yake akahamia ng'ambo ya korongo. Mama hakutoka kumuaga, wala hakumtaja tena.


17.

(Mama. Haya hayakusemwa.)

si huyu

      si huyu

wanakuja      wananigeuza      wananifuta mdomo

wananipenda wakikumbuka

wewe ulinichukia kila siku ya Mungu
            bila kukosa hata moja

wewe ulijua nimenuna kabla mimi sijajua

nani mwingine anajua ninavyo

            kwamba ile siku nilicheka mpaka


18.

Tukatoka nje, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta.

— Yule, alisema Mwajabu.

— Yule.

— Mimi ndiye ninayefua mashuka. Mimi ndiye ninayejua upande gani unamuuma.

— Najua.

— Wewe umemtengenezea kisanduku kizima. Ungekuwa na moyo wa wengine ungemnunulia kengele ya mbuzi.

Ilikuwa mara ya kwanza kunisifu tangu tuwe watu wazima. Tulikuwa tumepata adui mmoja, tukawa ndugu.

— Tumwambie kitufe kimekufa, akasema.

— Taa itawaka.

— Kata taa.

— Atajua.

— Atajuaje? Ni mgonjwa, Swedi! Atabonyeza, hakitatokea kitu, atachoka. Akichoka atabonyeza changu. Akasita. Au chako.

Mkasi wa waya ulikuwa mfukoni. Waya wa taa ni mwembamba, haupingi. Nilirudi ndani, nikafungua kifuniko, nikaupata. Nikauweka katikati ya meno ya mkasi.

Mama hakunitazama. Alikuwa anatazama mlango. Alibonyeza pale pale nikiwa nimeshika waya wake, taa ikawaka mbele ya macho yangu, akangoja. Akabonyeza. Akangoja. Alikuwa anasubiri kama zile chipu, bila kulalamika. Nilikuwa nimesema sijawahi kuona mtu wa namna hiyo.

Nikatoa mkasi kwenye waya, nikaurudisha mfukoni. Waya sikuukata.

— Umeshindwa, Mwajabu alisema kutoka mlangoni. Hakuwa ananilaumu. Alikuja akakaa kitandani, akaanza kumchana Mama nywele kwa nguvu zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa.


19.

MAREKEBISHO YA MAELEZO
(karatasi mpya, juu ya ile ya zamani)

Kitufe cheusi kinamwita Bi Mwamvita, ng'ambo ya korongo.

Kuanzia sasa, kengele inaanza kulia kitufe kinapobonyezwa, na inanyamaza kinapoachiwa. Ofisi ya Mtaa imearifiwa.

Hakuna kitufe kisicho na mtu.

(Hakuna aliyeandika kitu chini.)


20.

Nimeandikwa mara ya tatu.

Sasa ninapoamka naangalia milango yote mitatu, na kila mlango una jina. Naangalia pia kama kidole kinaingia au kinatoka. Kikiingia, natuma: lia. Kikitoka, natuma: nyamaza. Kikikaa, nami nakaa macho pamoja nacho. Hilo linakula betri. Swedi anajua. Ameliacha hivyo.

Lile tawi la la sivyo amelifuta.

Mimi sina wivu. Nasema tu kwamba kati ya wote wanaoandikwa humu ndimi niliyeguswa mara nyingi zaidi na kidole kile.


21.

Njia ya korongoni inateremka kwa vidato vilivyochimbwa na mbuzi. Nilibeba kengele ndani ya kitambaa, na antena ya waya nikaikunja isichome. Mwajabu alibaki na Mama. Tulikubaliana amzuie asibonyeze mpaka nifike, kisha amwache.

Bi Mwamvita alikuwa uani anapepeta uwele. Amezeeka, ila mikono yake ilikuwa bado na haraka.

— Hodi.

— Karibu, kama unaleta heri.

— Shikamoo, mama mdogo.

Lilinitoka kirahisi kuliko nilivyotegemea. Aliacha kupepeta.

— Marahaba. Umefanana na baba yako mpaka inaudhi. Kaa. Si hapo, hapo kuna kuku amelalia mayai.

Nikaeleza. Nilieleza kama ninavyomweleza mteja, taratibu, kisanduku, kitufe, kengele. Alisikiliza akitoa mawe kwenye uwele.

— Anataka nini?

— Sijui.

— Kakutuma?

— Alibonyeza.

— Kubonyeza si kutuma. Labda kidole kinamtetemeka.

— Hakitetemeki. Kitufe kimechakaa.

Jiwe moja likaruka mbali.

— Ana watoto wawili, alisema. Mmoja kila upande wa kitanda, kama mito. Na bado anataka na mimi nikimbie. Alikuwa hivyo hivyo. Chungu chake kimejaa, anachungulia changu. Mimi nikiugua hapa, nani atanitengenezea kengele? Nimbonyeze nani, huyu kuku?

Nilimtazama kuku. 

— Nilivunjika mguu, akaendelea, pale kisimani. Nikamtuma mtu kwake. Mwambie, Mwamvita anakuita. Nikatuma na wa pili. Nilikuwa nimelala hapo ulipokaa, naangalia lango hilo. Kila kivuli kilichopita nilisema ndiye.

— Hakuja?

— Angekuja, wewe ungekuwa unapajua hapa.

Alichukua kengele mikononi mwangu, akaigeuza, akaipima uzito kama mtu anayenunua nyanya.

— Inakula umeme?

— Ina betri zake.

— Iweke. Si chini, panya. Juu hapo. Nimesema uiweke, sijasema nitakwenda.

Nikaisimamisha kwenye ukingo wa dirisha, nikainyoosha antena ielekee ng'ambo, nikawasha. Akarudi kwenye ungo wake, akanipa mgongo nusu.

Ikalia.

Kuku akatoka mbio. Bi Mwamvita aliendelea kupepeta.

— Ndiyo hiyo?

— Ndiyo.

— Una hakika ni mimi? Si nyie mmekosea huko?

— Kwa ilivyoandikwa sasa, haiwezi kuwa mwingine.

— Hm.

Uwele ulipanda ukashuka, ukapanda ukashuka. Nilingoja inyamaze. Haikunyamaza. Kidole kilikuwa bado kimekaa palepale.

— Mwache aite, alisema. Mimi niliita zaidi ya hapo.

Nikainuka niondoke, maana niliona haya kuwa shahidi. Akaniashiria kwa kidevu: kaa. Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake. Sikuona uliposimama. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, na uso wake ulikuwa na ukali wa mtu anayesikiliza mgeni akikosea njia karibu na nyumba.

— Anabonyeza kwa mkono gani?

— Wa kulia. Ndio uliobaki.

— Na hauchoki?

Kengele ilikuwa bado inalia.